Nani apate nini? Jinsi majiji ya Marekani yanavyogawa fedha za makaazi

Kila mwaka serikali kuu ya Marekani huyapelekea majiji fedha za kuboresha makaazi na mitaa ya watu wenye kipato cha chini. Hata hivyo, wanaoamua nani apate nini ni madiwani. Makala haya yanaueleza utaratibu huo kwa kuutazama mji wa Portland, jimboni Maine, wanakoishi wahamiaji wengi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi.

Msikilizaji, Portland si mji mkubwa. Wakaazi wake ni chini ya laki moja. Lakini jina lake linafahamika mbali. Mwezi Juni 2019 walianza kuwasili huko waomba hifadhi wakitokea mpakani mwa Texas, wengi wao wakiwa raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Angola. Katika majuma machache idadi yao ilipita 400, na manispaa ikawalaza katika ukumbi wa michezo wa Portland Expo. Mwaka 2023 ukumbi huo ulilazimika kutumika tena kwa kazi hiyo hiyo.

Swali la wapi watu walale, na kwa fedha zipi, likawa mezani kwa halmashauri ya mji, ambayo ina wajumbe tisa akiwemo meya.

Fedha zinatoka wapi?

Fungu linalojulikana zaidi ni ruzuku ya maendeleo ya jamii, maarufu kwa kifupi kama CDBG. Ilianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 22 Agosti 1974. Kabla ya hapo, Washington ilikuwa na mipango kadhaa iliyotengana, kila mmoja na masharti yake. Sheria hiyo iliikusanya mipango hiyo katika ruzuku moja, na kuwaachia viongozi wa mitaa nafasi kubwa ya kuchagua.

Kiasi ambacho kila mji hupata hakitokani na hisani ya mtu. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hutumia kanuni mbili za hesabu. Ya kwanza huangalia idadi ya watu, umaskini na msongamano majumbani. Ya pili huangalia umaskini, kudorora kwa ongezeko la watu, na wingi wa nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1940. Mji hupewa kiasi kinachotokana na kanuni yenye faida zaidi kwake. Ndiyo maana miji mikongwe ya kaskazini mashariki hunufaika na kanuni ya pili.

Fungu jingine huitwa HOME, lililoanzishwa mwaka 1990 mahsusi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Tofauti ya mafungu haya mawili ni muhimu. Fedha za CDBG zinaweza kukarabati paa linalovuja, kujenga njia ya waendao kwa miguu au kununua kiwanja, lakini kwa kawaida haziruhusiwi kujenga nyumba mpya ya kuishi. Fedha za HOME zinaruhusiwa.

Mipaka ya mgawanyo

Uhuru wa madiwani una mipaka. Angalau asilimia 70 ya fedha za CDBG lazima ziwanufaishe watu wenye kipato cha chini na cha wastani, yaani wale ambao mapato ya kaya zao hayazidi asilimia 80 ya kipato cha katikati cha eneo lao. Uendeshaji na mipango haviwezi kuchukua zaidi ya asilimia 20. Nazo huduma za jamii, kama vile chakula, malezi ya watoto, mafunzo ya kazi na uendeshaji wa makao ya wasio na nyumba, kwa kawaida hazipaswi kuzidi asilimia 15.

Tuchukue mfano. Mji uliopokea dola milioni 2 una dola 300,000 tu za huduma hizo zote. Ikiwa makao ya wasio na nyumba yataongezewa 50,000, basi kituo cha watoto au darasa la Kiingereza litapungukiwa kiasi hicho hicho. Fedha za barabara, hata zikiwa nyingi, haziwezi kuhamishiwa huko. Hapo ndipo penye uzito wa kazi ya madiwani: mara nyingi wanachagua kati ya mahitaji mawili ya kweli.

Miji mingine hutafuta fedha zake yenyewe. Mwezi Novemba 2020 wapiga kura wa Portland walipitisha sheria iliyopandisha kutoka asilimia 10 hadi 25 sehemu ya nyumba za bei nafuu katika miradi yenye nyumba 10 au zaidi, na mjenzi asiyetekeleza hulipa ada katika mfuko wa makaazi wa mji.

Sauti ya asiye na kura

Mwaka 2010 wapiga kura wa Portland walikataa, kwa tofauti ndogo, pendekezo la kuwaruhusu wahamiaji halali wasio raia kupiga kura katika chaguzi za mji. Kwa hivyo wengi wa wale wanaohusika na fedha hizi hawana kura juu ya madiwani wanaozigawa.

Hata hivyo, nafasi ya kusema wanayo. Kanuni za ruzuku hizi zinautaka mji kufanya angalau vikao viwili vya hadhara kila mwaka, na kuwapa wakaazi siku zisizopungua 30 za kutoa maoni juu ya rasimu ya mpango. Anayesimama kwenye kipaza sauti haombwi kadi ya mpiga kura. Mficha uchi hazai, walinena wahenga: hitaji lisilotajwa ukumbini ni rahisi kuachwa nje ya bajeti.

Chama cha kijamii kinachotaka fedha hizo hakina budi kuwahi. Katika miji mingi mwaka wa matumizi huanza tarehe 1 Julai, na mpango hupaswa kufika Washington angalau siku 45 kabla. Maana yake ni kwamba maombi hupokelewa na kuchambuliwa miezi mingi nyuma, na atakayefika ukumbini siku ya kura atakuta mengi yamekwisha pangwa.

Na ruzuku yenyewe haina hakika ya kudumu. Katika awamu yake ya kwanza Rais Donald Trump alipendekeza mara kadhaa kuifuta CDBG, na Bunge likakataa. Pendekezo hilo lilirejea mwaka 2025. Kwa mji unaotegemea fedha hizo kuweka kitanda kimoja zaidi, kila bajeti ya Washington ni habari ya nyumbani.