Jicho la Mwenzako: Kusahihishana katika Kufundisha Kata za Karate

Mwalimu mwanafunzi anayeanza mazoezi ya kufundisha hukutana mapema na tatizo moja ambalo andalio la somo haliwezi kulimaliza: macho yake ni mawili, na watoto walio mbele yake ni wengi mno. Katika makala hii tutaeleza njia mojawapo ya kupunguza tatizo hilo, nayo ni kuwafundisha wanafunzi kusahihishana. Mfano wetu tumeuchukua katika mchezo wa karate, lakini fundisho lake linayahusu masomo yote ya vitendo.

Tulikuwa katika ziara ya kuwatembelea walimu wanafunzi huko Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Mmoja wao, ambaye alikuwa amejifunza karate kabla ya kujiunga na chuo, alikusanya wanafunzi wapatao 40 uwanjani baada ya masomo ya mchana. Alipita akimrekebisha mmoja mmoja. Alipomfikia wa kumi, wa kwanza alikuwa amekwisha kusahau. Basi akawaambia, "Haya, sahihishaneni wenyewe." Kilichofuata hakikuwa masahihisho bali kicheko. Msichana mmoja aliyegeuka upande usio wake aliitwa bata. Kesho yake hakuja, wala siku ya tatu. Katika eneo lenye machimbo madogo ya dhahabu, ambako mtoto anayejitenga na wenzake hakosi mahali pengine pa kushinda, jambo hilo si dogo.

Kata ni nini?

Kata ni mfululizo wa mapigo, mazuio na mageuko uliopangwa, ambao mtu huutenda peke yake kana kwamba amezingirwa na wapinzani. Walimu wapendezwe kujua kwamba historia ya kata inagusa shule za msingi. Mwaka 1901 Anko Itosu alianza kufundisha karate katika shule ya msingi huko Okinawa, na baadaye akatunga kata tano za Pinan zilizowafaa wanafunzi. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliziita kata hizo Heian. Hapa kwetu karate ilianza kufundishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, ndiye anayekumbukwa kama mwanzilishi wa mtindo wa Goju-Ryu nchini.

Kata iliyotumika Kharumwa ni ya wanaoanza, iitwayo Taikyoku Shodan. Ina hatua 20 na vitendo viwili tu: gedan-barai, yaani kuzuia pigo la chini kwa kufagia kwa mkono, mara 8, na oi-zuki, yaani ngumi ya mbele pamoja na hatua, mara 12. Njia yake ardhini ina umbo la herufi kubwa I. Hatua ya 9 na ya 17 huhitaji mgeuko wa robo tatu ya mzunguko, na hapo ndipo wengi hupotea. Yule msichana alikosea hatua ya 9.

Kwa nini jicho la mwenzako?

Wahenga walisema, nyani haoni kundule. Mtenda kata hawezi kuona kisigino chake cha nyuma kikiinuka, wala mkono wake wa pili ukisahau kurudi kiunoni. Hata mabingwa hutegemea macho ya wengine: katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, kila kata ilitazamwa na waamuzi saba. Wasukuma nao wanalijua jambo hili. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule avutaye watazamaji wengi upande wake. Kikundi kisichokosoana nyumbani hukosolewa na umati uwanjani.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwanza, mwalimu atende kata polepole, kisha yeye na wanafunzi wakubaliane mambo ya kutazama. Yasizidi matatu: miguu, mikono, na macho pamoja na mgeuko.

Pili, wanafunzi wagawanywe wanne wanne. Mmoja atende, na kila mmoja wa watatu waliobaki atazame jambo lake moja tu. Atazamaye kila kitu haoni kitu.

Tatu, njia ya kata ichorwe ardhini kwa majivu. Mavumbi ya uwanja ni zana isiyogharimu senti: nyayo hubaki na kutoa ushahidi. Ikiwa hatua zote zina urefu mmoja, mtendaji humalizia pale alipoanzia. Akipita au akipungukiwa, hapana haja ya kubishana. Wote wahesabu nyayo na kutafuta hatua iliyofupishwa.

Nne, mtendaji aseme kwanza alivyojiona. Kisha kila mtazamaji aseme alichokiona, si anavyomdhania mwenzake. "Katika hatua ya 9 ulianza kugeuka kabla ya kuangalia" ni sahihisho. "Wewe huwezi kugeuka" ni tusi. La kwanza humwonyesha mtu la kufanya, la pili humfungia mlango.

Tano, mtendaji achague kosa moja na kurudia sehemu hiyo papo hapo. Sahihisho lisilofuatwa na zoezi ni maneno matupu. Halafu wabadilishane nafasi, hata kila mmoja awe ametenda na kutazama.

Tahadhari

Kazi ya mwalimu haipungui kwa utaratibu huu, inabadilika. Badala ya kumtazama mtendaji, awasikilize watazamaji, kwa sababu wanafunzi wanaweza pia kufundishana makosa. Akisikia sahihisho lisilo sawa, asimfedheheshe aliyelitoa. Aitende hatua ile mbele ya kundi na kuwauliza wameona nini. Vilevile awe wa kwanza kukosolewa. Mwalimu anayeitenda kata na kuwaomba wanafunzi wataje kosa lake amefundisha adabu ya kukosoana kuliko kanuni kumi zilizoandikwa ubaoni.

Mwalimu mwanafunzi wetu alikwenda nyumbani kwa yule msichana kuzungumza na wazazi wake. Juma la pili alirudi, lakini hakutaka kutenda mbele ya wenzake. Hakulazimishwa, alipewa kazi ya kutazama miguu. Baada ya kuwatazama wengine wakiipita hatua ya 9 mara nyingi, wengine wakiikosea kama yeye, aliomba mwenyewe zamu yake. Tulijifunza kwamba kutazama nako ni kujifunza, na kwamba mtoto hushinda aibu akijua kosa lake si lake peke yake.

Ndugu walimu wanafunzi, utaratibu huu mnaweza kuutumia katika mwandiko, katika kusoma kwa sauti na katika kazi za mikono. Chagueni mambo machache ya kutazama, sikilizeni lugha ya watoto, na msiseme kamwe "sahihishaneni" kabla ya kuwafundisha namna ya kusahihishana.