Poromoko, Maporomoko na Mafuriko: Istilahi za Hatari za Milimani

Miongoni mwa dhana ambazo mfasiri wa Kiswahili hukutana nazo kwa nadra, lakini zikimjia humsumbua, ni zile zihusuzo theluji na hatari zake milimani. Mkazi wa Mtinko, mkoani Singida, aweza kuuliza: theluji yatuhusu nini sisi, ambao barafu pekee ituangukiayo ni mvua ya mawe? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yatuhusu, kwa kuwa jina la hatari ni sehemu ya onyo lake.

Tuanze na theluji yenyewe. Neno theluji lina asili ya Kiarabu, na barafu lina asili ya Kiajemi. Katika Kiajemi neno hilo la pili maana yake ni theluji. Kiswahili kimelipa maana ya maji yaliyoganda. Tofauti hiyo ina manufaa na yafaa idumishwe. Theluji ni chembe nyepesi zidondokazo kutoka mawinguni; barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu; sakitu ni utando mwembamba wa barafu utandao juu ya majani wakati wa baridi kali.

Theluji hulala mlimani tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu, lile la juu huweza kukatika kama bamba na kuteleza lote kwa pamoja, hasa penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Mara nyingi uzito wa mtu mmoja apitaye hutosha kulikata. Ndiyo maana wazoefu wa milima ya Alps huvuka mteremko wa namna hiyo mmoja mmoja. Tukio hili twapendekeza liitwe poromoko la theluji.

Kwa nini tusiseme maporomoko? Kwa sababu katika wingi neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa mahali pa kudumu, kama vile Maporomoko ya Rusumo. Kibao chenye neno "Maporomoko" peke yake chaweza kumvuta mgeni aje kutazama, badala ya kumfukuza. Umoja, pamoja na jina la kitu kinachoshuka, huonyesha kwamba ni tukio: poromoko la theluji, poromoko la mawe, poromoko la udongo.

Mifano ya kwetu ipo. Januari 2006, wapanda mlima 3 kutoka Marekani walifariki Kilimanjaro, kwenye njia ya Western Breach, kwa kuangukiwa na mawe. Hilo halikuwa poromoko la theluji, bali la mawe. Barafu hushikilia mawe yaliyolegea, na ikiyeyuka huyaachia. Jambo hili si dogo, kwani kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu.

Mfano wa pili uko jirani zaidi na Mtinko. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya karibu, vikaua watu zaidi ya 80. Wapo waliodhani kwamba mlima umelipuka. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka na kugeuka tope. Taarifa nyingi zililiita tukio hilo mafuriko. Lakini mafuriko hujaa na kupanda. Aonywaye juu yake hutazama mto. Tope hili lilitoka juu, na aonywaye juu yake hana budi kutazama mlima, kisha akimbilie pembeni, mbali na mkondo, na kupanda penye mwinuko. Kwa hiyo twapendekeza mtiririko wa tope, ili mafuriko yabaki kwa maji yaliyofurika.

Istilahi njema ya hatari, basi, hujibu maswali mawili: ni kitu gani kinachokuja, na kinatoka wapi. Wasomaji, hasa wanaoishi kandokando ya milima, wanaombwa kutuletea maneno ya lugha zao yanayotofautisha mambo haya. Huenda lile tulitafutalo limekwisha kutumika miaka mingi katika mteremko mmoja wa nchi yetu.