Mbung'o ni ndugu wa sungura kuliko wa nzi

Maswali ya wasomaji wa Kondoa na Chemba yamerundikana, na mengi yanasimama juu ya dhana moja: mbung'o hawaishi kwa sababu hutaga mayai chungu nzima kama nzi wa chooni. Hawatagi. Kwa uzazi, mbung'o yuko karibu zaidi na sungura pori, yule anayekurupuka mbele ya taa za pikipiki usiku.

Sungura pori hubeba mimba wiki kama sita, akazaa mtoto mmoja hadi watatu, wenye manyoya na macho wazi. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akatunza mbegu maisha yake yote. Yai moja huanguliwa humo humo tumboni, na funza hunyonya maziwa. Ndiyo, maziwa, yenye mafuta na protini, yanayotengenezwa kwa damu ya ng'ombe wako! Siku 9 au 10 baadaye funza huzaliwa akiwa na uzito kama wa mama yake. Ni sawa na mwanamke wa kilo 60 kujifungua mtoto wa kilo 60. Funza hujichimbia mchangani bila kula chochote, na baada ya mwezi hivi hutoka ana mbawa na kiu ya damu. Jike mmoja huzaa 8 hadi 10 tu, kisha basi.

Ndiyo maana mbung'o hushindika. Unguja ilimwaga madume waliohasiwa kwa mionzi, na mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Bara, vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa, pamoja na kuogesha mifugo, hufanya kazi hiyo hiyo.

Wabaya ni wauza mizizi ya "kutoa malale", ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Malale ya kwetu huua ndani ya miezi, na mgonjwa anayepoteza miezi hiyo akinywa mizizi harudishiwi.

Ukiumwa na mbung'o kisha ukapata homa, nenda hospitali upimwe damu, na useme uliumwa. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya fexinidazole kwa malale ya aina yetu.