Kalibu ya Kuazima na Vielelezo vya Ulinzi

Hapa kwetu Nzahaha watu hufyatua matofali ya udongo kwa kalibu ya mbao. Wakati fulani tulitaka kuongeza chumba nyumbani, tukaazima kalibu ya jirani, ambayo alikwisha kuitumia kujengea nyumba nzima, wala hakuna aliyeona kasoro. Tukafyatua matofali yapata 2,000, tukayakausha, tukayachoma. Fundi alipoanza kazi akatuonyesha ya kuwa kila tofali letu lilikuwa dogo kuliko yale ya ukuta wa zamani, na mistari haikulingana hata kidogo. Kalibu haikuwa na kosa. Jirani alichukua udongo wa kilimani. Sisi tulichukua wa bondeni, ulio laini na wenye kushika maji mengi, nao hunywea zaidi unapokauka. Aliyechonga kalibu alikisia kiasi cha kunywea, lakini kisio hilo lilibaki kichwani mwake. Hakutuambia, nasi hatukuuliza.

Nilikumbuka hasara ile niliposoma juu ya vielelezo vinavyotumiwa na watengenezaji wa zana za ulinzi. Kielelezo hapa si sanamu. Ni hesabu zilizotiwa katika kompyuta ili ziige tabia ya kitu: rada yaona umbali gani, kombora lapinda vipi katika upepo, kifaru chakwama katika tope la namna gani. Tuseme wahandisi wanabuni rada mpya. Kabla ya kukata chuma hutengeneza kielelezo, wapate kuchagua umbo lifaalo. Rada ikiisha kujengwa, wapimaji nao huhitaji kielelezo wajue watazamie nini, maana kurusha ndege mara mia kwa ajili ya kipimo kimoja ni gharama kubwa. Mwishowe askari huhitaji mtambo wa kujifunzia. Rada ni ile ile, lakini mara nyingi kila kundi huanza upya, likaandika hesabu zake na kulipwa fedha zake.

Huenda msomaji atauliza, kwa nini wasipokezane? Mara nyingine kielelezo ni mali ya kampuni, na serikali haikununua haki ya kumpa mwingine. Mara nyingine ni siri. Mara nyingi zaidi, nadhani, mwandishi wake amehamia kazi nyingine na hakuacha maandishi.

Tena palikuwa na shida ya vielelezo kutoelewana. Katika miaka ya 1980 Wamarekani waliunganisha mitambo ya kuigiza vifaru iliyokuwa katika kambi mbalimbali, hata askari walio mbali wakapigana vita vya kuigiza katika uwanja mmoja usiokuwapo. Kazi hiyo iliitwa SIMNET. Katika miaka ya 1990 Wizara yao ya Ulinzi ikatunga kanuni pana zaidi, ziitwazo HLA, ili vielelezo vya watengenezaji tofauti vipelekeane habari. Mwaka 2000 kanuni hizo zilitolewa na chama cha wahandisi cha IEEE kwa nambari 1516. Lakini kupelekeana habari si kukubaliana. Kielelezo kimoja chaweza kuona kilima kikiwa kitupu, na cha pili kikaona kilima hicho hicho kina migomba. Basi askari mmoja adhani amejificha, na adui yake amwona waziwazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote si wa silaha, ni wa roketi. Tarehe 4 Juni 1996 Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti nne. Chombo chake cha kupima mwendo na mwelekeo kilikuwa na programu iliyotoka katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini roketi mpya ilishika mwendo wa kwenda upande upesi kuliko ile ya zamani. Tarakimu moja ikawa kubwa kupita nafasi iliyotengewa. Chombo kikaacha kazi, na kile cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimekwisha kuacha kwa sababu ile ile. Yapata sekunde 40 tangu safari kuanza, roketi ikapinda ikavunjika.

Jambo linaloniuma ni hili: safari nzima iliigizwa kabla ya siku ile. Ila katika uigizaji huo chombo chenyewe hakikuwekwa. Pahali pake palitiwa kielelezo chake, kwa kuwa chombo kilihesabiwa kuwa kimekwisha kuthibitika. Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions, ilionyesha ya kuwa kama chombo kingejaribiwa kwa mwendo halisi wa Ariane 5, kosa lingeonekana pale chini. Kilithibitika kweli, lakini kwa udongo wa kilimani.

Kwetu Afrika iko kazi moja ya kuigiza iliyotumiwa tena na tena kwa faida. Ni nchi ya kubuni iitwayo Carana, iliyomo katika ardhi ya kubuni yenye jina la Kiswahili, Kisiwa. (Nani aliyeichagulia jina hilo, ningependa kumjua.) Umoja wa Mataifa huitumia kuwafundisha walinzi wa amani, na Umoja wa Afrika uliitumia katika zoezi la Amani Africa huko Addis Ababa mwezi wa Oktoba 2010. Carana ina historia yake, makabila yake, jeshi lake, waasi wake na majirani zake, na yote yameandikwa. Mwalimu anayeichukua huyakuta mambo hayo kwenye karatasi, akajua yapi ayabadilishe kwa wanafunzi wake na yapi ayaache. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na kalibu yetu.

Lakini hata Carana ina kikomo. Afisa aliyekwisha kuipita mara mbili ajua mapema waasi watatokea wapi, na hapo hapimwi tena akili, bali kumbukumbu.