Je, Askari wa Kigeni Waondoke?

Je, nchi iliyopeleka askari wake ugenini miaka mingi iwarudishe kwao? Sisi twajibu: ndiyo, bali isiwaache wanyonge mikononi mwa adui.

Mwaka 1998 majeshi ya Uganda yaliingia Kongo, yakashika Beni na Butembo. Septemba 2002 serikali mbili zilipatana huko Luanda kwamba yaondoke, yakaondoka 2003. Hata hivyo, mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Deni la vita huishi kuliko vita vyenyewe.

Lakini tukumbuke Luofu. Januari 2009 askari wa Rwanda walikuja Kivu kuwafukuza FDLR. Februari wakarudi kwao. Aprili FDLR wakaja Luofu usiku kulipiza kisasi. Nyumba zaidi ya 200 ziliteketea, na watoto wakafa motoni.

Novemba 2021 Waganda waliingia tena, safari hii kwa kupatana na Kinshasa, wapigane na ADF upande wa Beni. Swali likarudi.

Basi tusiulize tu, “Wataondoka lini?” Tuulize pia, “Usiku ule wa kwanza, nani atalinda kijiji?”