Kwaresima na Ramadhani Kuanza Juma Moja Mwaka 2027: Kamati za Sharika Zijiandae

Mwaka 2027 mfungo wa Ramadhani unatarajiwa kuanza Jumatatu tarehe 8 Februari. Siku mbili baadaye, Jumatano tarehe 10 Februari, sisi Wakristo tutaanza Kwaresima kwa ibada ya Majivu. Kwa takriban mwezi mzima majirani wa dini hizi mbili watakuwa katika toba, sala na kuwakumbuka maskini kwa wakati mmoja.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mifungo hii miwili imekuwa ikikutana kila mwaka tangu 2022, na mwaka 2027 ndio wa mwisho katika mzunguko huu. Mwaka 2028 Ramadhani itakwisha kabla ya Jumatano ya Majivu, ambayo itakuwa tarehe 1 Machi. Baada ya hapo itapita zaidi ya miaka ishirini kabla ya mifungo hii kukutana tena. Kwa hiyo swali linaloikabili kila kamati ya usharika inapopanga bajeti ni hili: ujirani tulioujenga wakati kalenda inatusaidia utabaki na nini kalenda itakapoacha kutusaidia?

Makala hii inaeleza matukio ya kipindi cha Februari hadi Mei 2027, sababu za tarehe zake, na mambo ya kuzingatia ili shughuli za pamoja zilete manufaa ya kudumu.

Kwa nini tarehe zinahama

Wanakamati wengi huuliza kwa nini Pasaka haina tarehe moja. Kanuni ni kwamba Pasaka huadhimishwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa kanuni hiyo Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka 2027 mwezi mpevu ni Jumatatu tarehe 22 Machi, hivyo Pasaka ni tarehe 28 Machi. Ndugu zetu Waorthodoksi hutumia hesabu ya kalenda ya zamani, nao watasherehekea Pasaka tarehe 2 Mei.

Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi peke yake. Mwaka wake una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa kawaida kwa siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani hutangulia kila mwaka na huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Aidha, mwezi huanza baada ya kuandama. Tarehe za Kiislamu tunazozitaja hapa ni matarajio ya hesabu, na zinaweza kusogea kwa siku moja. Kamati isichapishe mwaliko wa Idi wenye tarehe moja tu, bali iandike "siku itakayotangazwa".

Ratiba ya kuzingatia, Februari hadi Mei 2027

- 1 hadi 7 Februari: Juma la Kimataifa la Maelewano ya Dini. Liliidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Oktoba 2010 na huadhimishwa juma la kwanza la Februari. Mwaka huu linatangulia mifungo yote miwili, hivyo linafaa kwa vikao vya kupanga.
- 8 Februari: Matarajio ya kuanza Ramadhani.
- 10 Februari: Jumatano ya Majivu.
- 5 Machi: Siku ya Maombi ya Dunia, inayoendeshwa na akina mama kila Ijumaa ya kwanza ya Machi.
- 9 au 10 Machi: Idi el Fitri.
- 21 Machi: Jumapili ya Mitende.
- 26, 28 na 29 Machi: Ijumaa Kuu, Pasaka na Jumatatu ya Pasaka.
- 1 Aprili: Siku ya Taifa ya Kupanda Miti.
- 25 Aprili: Siku ya Malaria Duniani. Ni Jumapili.
- 26 Aprili: Sikukuu ya Muungano. Ni Jumatatu.
- 6 Mei: Kupaa kwa Bwana.
- 16 Mei: Pentekoste. Idi el Hajj inatarajiwa siku hiyohiyo au kesho yake.

Kwa nini tusingoje ugomvi

Baadhi ya wanakamati huona shughuli za pamoja kama mapambo, jambo la kufanya fedha zikibaki. Historia ya karibuni inatufundisha vingine. Oktoba 2012 ubishi wa watoto wawili kuhusu msahafu huko Mbagala, Dar es Salaam, uliishia kwa makanisa kadhaa kuchomwa na kuharibiwa. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro kuhusu nani ana haki ya kuchinja ulimgharimu mchungaji maisha yake.

Matukio hayo yote mawili yalianza na mambo ya kawaida ya mtaani: mchezo wa watoto na kitoweo. Hakuna aliyekaa ofisini na kuyapanga miezi mingi kabla. Moto wa namna hiyo huzimwa mapema pale tu ambapo mzee wa kanisa ana namba ya simu ya imamu, na imamu anaijua sauti yake. Kufahamiana huko hakupatikani siku ya ugomvi. Hupatikana siku za amani, watu wakiwa wanakula, wanapanda miti au wanazika pamoja.

Nchi yetu ina msingi mzuri. Koo nyingi zina ndugu wa dini zote mbili, na wengi wetu tumekula Idi kwa shangazi na Pasaka kwa mjomba. Katika ngazi ya taifa, BAKWATA, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki wamewahi kufanya kazi moja. Kwa mfano, mwaka 2012 walitoa ripoti ya pamoja kuhusu mapato ya kodi ambayo taifa linayapoteza. Kinachopungua mara nyingi ni ngazi ya mtaa na kijiji, na hapo ndipo kamati ya usharika ina nafasi.

Futari ya pamoja: mambo matano

Futari ndiyo shughuli inayopendwa zaidi, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Kamati izingatie yafuatayo:

1. Muulizeni mwenyeji kwanza. Mazungumzo yaanze kwa imamu wa msikiti wa jirani au sheikh wa kata, kabla ya kualika mtu yeyote. Mwaliko unaotoka kanisani bila wao kujua huzua maswali hata kama nia ni njema.

2. Chakula. Iwapo kuna nyama, mnyama achinjwe na Mwislamu. Vyombo visiwe vile vilivyopikiwa nguruwe wala vilivyotumika kwa pombe. Njia rahisi ni usharika kutoa tende, unga wa uji, mihogo, magimbi, maharage na sukari, na akina mama wa pande zote mbili kupika pamoja katika jiko lililokubaliwa.

3. Saa. Futari hufunguliwa jua linapozama, si saa iliyoandikwa kwenye kadi. Jua huzama Kigoma zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Hotuba ndefu kabla ya futari ni kuwatesa watu wenye njaa na kiu tangu alfajiri. Baada ya tende na maji huja sala ya magharibi, hivyo paandaliwe mahali safi, mikeka na maji ya kutawadha.

4. Maneno. Kila upande uombe kwa taratibu zake, na asilazimishwe mtu kushiriki sala ya mwenzake. Futari si mahali pa kuhubiri wala kutoa mihadhara ya kulinganisha dini. Jambo hili likubaliwe mapema na liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

5. Ibada zetu. Sharika nyingi zina ibada za Kwaresima jioni katikati ya juma, saa zilezile za magharibi na tarawehe. Ambapo kanisa na msikiti vimekaribiana, wakuu wa pande zote wapatane kuhusu saa na vipaza sauti. Mikutano ya injili ya nje ni busara iwekwe baada ya Idi.

Sadaka, zaka na mfuko wa pamoja

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni kuwaomba Waislamu waweke zaka katika mfuko wa pamoja. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili kuipokea, yaliyotajwa ndani ya Kurani, na haiwezi kupelekwa popote kamati inapopenda. Zaka ya Fitri nayo hutolewa kwa chakula kikuu cha mahali, kiasi cha pishi moja kwa kila mtu katika nyumba, yaani karibu kilo 2 na nusu, na inapaswa kuwafikia maskini kabla ya sala ya Idi.

Hivyo basi, kwa kazi ya pamoja tuombe sadaka ya hiari, si zaka. Usharika nao uamue kwa kikao ni sehemu gani ya sadaka yake itaingia humo. Mfuko uwe na watia saini kutoka pande zote mbili, stakabadhi zitunzwe, na mapato na matumizi yasomwe kanisani na msikitini kwa maneno yaleyale.

Orodha ya wahitaji nayo iwe moja. Wajane, wazee wasio na watu na watoto yatima wanajulikana na mjumbe wa mtaa bila kujali dini zao. Orodha ikiwa moja, mtu hapati mara mbili huku jirani yake akikosa.

Mvua zina kalenda yake

Kalenda ya tatu ni ya mvua, nayo haifanani nchi nzima. Pwani, kaskazini mashariki na maeneo ya Ziwa Victoria hupata masika kati ya Machi na Mei, baada ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Nyanda za juu kusini, kanda ya kati na magharibi zina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mipango. Tarehe 1 Aprili inafaa kwa miche ya Kilimanjaro au Tanga, ambako masika yanaanza. Kwa Dodoma au Iringa mvua zinaelekea kwisha, na mche uliopandwa siku hiyo utakutana na kiangazi ukiwa bado mchanga. Huko ni afadhali kupanda Desemba au Januari, na tarehe 1 Aprili itumike kukagua miche iliyoshika na kuiwekea uzio. Katika Dayosisi ya Kaskazini, Askofu Fredrick Shoo aliingiza upandaji miti katika maandalizi ya vijana wa kipaimara, na sharika nyingine zinaweza kujifunza hapo. Vijana wa kipaimara na wanafunzi wa madrasa wakigawana kitalu kimoja, watalazimika kukutana kila wanapokwenda kumwagilia.

Katika maeneo yenye msimu mmoja, miezi hii pia ni ya njaa kwa kaya nyingi, kwa sababu ghala zimekwisha na mahindi bado yako shambani. Michango ipangwe kwa kuzingatia hali hiyo.

Aidha tusisahau mafuriko. Aprili 2024 Serikali ilitangaza kwamba mvua na mafuriko vimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Kamati ya pamoja iliyokwisha kuundwa inaweza kufungua kanisa, msikiti au darasa kwa waliokosa makazi usiku uleule.

Siku ya Malaria Duniani ni nafasi nyingine nzuri. Wagonjwa huongezeka baada ya mvua, na mbu hachagui dini. Tangazo moja kuhusu vyandarua na kumwahi daktari linaweza kusomwa msikitini Ijumaa tarehe 23 Aprili na kanisani Jumapili tarehe 25, na Jumatatu ya Muungano watu wakatoka pamoja kufukia madimbwi.

Kwa wafadhili

Tunawashukuru wote wanaochangia kazi hii. Tunaomba mtusaidie kwa kuuliza maswali sahihi. Idadi ya watu waliokula futari na idadi ya fulana zilizogawiwa hazielezi mengi. Ulizeni: je, kamati ya pamoja ilikutana hata baada ya sikukuu? Mfuko una watia saini wa pande zote? Miche mingapi ilikuwa hai baada ya mwaka? Je, kuna ugomvi uliomalizwa na wazee kabla ya kufika polisi? Majibu haya hayahitaji fedha nyingi kuyakusanya, ila yanahitaji daftari na mtu wa kuliandika.

Kuanzia 2028

Kamati ichague siku moja isiyotegemea mwezi kuandama, kwa mfano Sikukuu ya Muungano, iwe siku ya kazi ya pamoja kila mwaka. Uamuzi huo ufanywe kabla ya Idi ya Machi 2027, wakati watu bado wana moyo wa mfungo.

Pentekoste na Idi el Hajj zikiangukia siku moja tarehe 16 Mei, kila mmoja atakuwa kwenye ibada na wageni wake. Hapo hapatakuwa na tukio la pamoja, wala halihitajiki. Itatosha kanisa na msikiti kupatana kuhusu barabara na maegesho, na jioni majirani kupelekeana sahani. Usharika ambao utaweza kufanya hivyo bila kuandikiwa barua na ofisi ya dayosisi utakuwa umekwisha kupata kile tunachokitafuta.