Sanduku la Mtunzi Lisiachiwe Mchwa

Itigi, penye stesheni ya Reli ya Kati, haina upungufu wa watu watungao mashairi na nyimbo, nayo si peke yake katika nchi yetu. Wengi wao majina yao hayajapata kupigwa chapa. Madaftari yao hukaa sandukuni, chini ya kitanda. Mwenyewe akifa, warithi hugawana shamba na ng'ombe. Karatasi huachiwa mchwa, au huwashiwa moto jikoni. Sisi twaona kuwa hasara hiyo si ya jamaa peke yao, bali ni ya taifa zima.

Pengine mtu atauliza: vitabu vikiisha kutoka, karatasi za mwandiko zafaa nini? Jibu limo katika barua za Shaaban Robert. Tangu mwaka 1931 hata 1958 alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, naye hakuzitupa. Baadaye zilitolewa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu vya Shaaban vyatuonyesha mshairi. Barua zatuonyesha mtumishi, mzazi na ndugu. Kama zingalitiwa motoni, nusu ya mtu huyo ingalizikwa pamoja naye mwaka 1962.

Tumtazame na jirani wa Itigi, Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake. Karatasi zilisema mwenyewe alipokwisha nyamaza.

Tusipotunza sisi, watatunza wengine. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikusanywa na mmisionari William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Miswada hiyo leo imo katika Chuo Kikuu cha London. Twawashukuru walioihifadhi, lakini si jambo la kujivunia kwamba karatasi zenye mashairi ya mshairi wetu ziko ng'ambo.

Ghala tunalo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu, ambayo orodha yake, kazi ya J.W.T. Allen, ilipigwa chapa mwaka 1970. Na Dodoma, mashariki ya Itigi kwa reli iyo hiyo, pana chuo kikuu tangu mwaka 2007.

Basi vyuo visingoje kuletewa. Wapande gari waende Itigi, waketi na wazee, wawaeleze. Mapatano yaandikwe: karatasi zipi zisomwe na wote, zipi zifungwe kwa miaka kadhaa, na haki ya kupiga chapa ibaki kwa nani. Jamaa wapewe nakala. Mtu hawezi kutoa siri za marehemu babaye kwa ahadi ya mdomo.

Na jamaa nao wasichambue wakatupa. Ukurasa uliofutwafutwa ndio uonyeshao jinsi shairi lilivyozaliwa. Andikeni jina na mwaka, wekeni pakavu, juu ya ardhi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lenyewe ndiyo mali. Aliye na sanduku na alifungue kabla mchwa hawajamtangulia.